Upande wa Nje wa Ukuta

Mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya ujenzi wa nyumba na miji. Siku moja alikuja kwangu na daftari na kamba ya kupimia. Akasema: «Mjomba, niko na kazi ya kumaliza masomo. Wameniomba nitafute uhusiano kati ya ndani ya nyumba na mji. Nianzie wapi?» Nikamjibu bila kufikiri sana: «Anzia barzani.» Akatazama kushoto, akatazama kuume, halafu akauliza kwa heshima: «Barza yako iko wapi, Mjomba?»

Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeibomoa mwenyewe. Maandishi haya yametoka katika aibu ile, na katika swali ambalo nafikiri linatuhusu sisi wote tunaojenga: je, ukuta wangu ni wangu peke yangu?

1. Neno tunalolitumia kila siku

Kwetu Goma, barza ni kile kipande cha nyumba chenye paa lakini kisicho na ukuta wa mbele. Pale mama anachagua maharagi, mtoto anaandika kazi ya shule, na mgeni ambaye hajasema bado amekuja kwa nini anangoja. Kwenye pwani ya Kiswahili, Zanzibar na Lamu, baraza ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa njia. Mwenye nyumba anakaa pale, na mpita njia anakaa pale. Tena pote, kwetu na kwao, neno lile lile ni jina la mkutano wa kujadili mambo ya watu.

Si Waswahili tu waliofikiri namna hii. Ndugu zetu Wanande wana ekyaghanda, nyumba ya moto ambamo wazee walikaa, vijana wakasikiliza, mgeni akapokelewa. Leo Kyaghanda ni jina la shirika lao la kimila. Na mwishoni mwa miaka ya 1990, wazee wa makabila ya Kivu ya Kaskazini walipotafuta chombo cha kutuliza ugomvi wa mashamba na wa damu, walikiita Barza Intercommunautaire. Hakuna aliyefikiri kukiita Chumba cha Kulala, wala Barabara. Walichagua jina la mahali palipo katikati, ambapo mtu hajaingia kwako lakini pia hayuko tena njiani.

2. Rugo ya Kalengera

Mimi ni mzaliwa wa Kalengera, kwenye barabara inayotoka Goma kwenda Rutshuru. Rugo yetu ilikuwa ya miyenzi, ile miti yenye maziwa meupe ambayo mbuzi anaiogopa. Mlango wa rugo, kwa lugha ya nyumbani, ni irembo. Ukipita irembo unafika imbuga, kiwanja cha mbele kilichofagiliwa kila asubui. Nyuma ya nyumba kuna igikari, upande wa mama na wa watu wa ndani.

Sheria hazikuandikwa popote, lakini mtoto wa miaka mitano alizijua. Mgeni alisimama irembo akaita. Aliyeomba moto ao chumvi alifika imbuga. Aliyekuja kuposa aliingia nyumba. Igikari aliingia tu yule ambaye hakuna haja tena ya kumuita mgeni. Basi kati ya njia na kitanda cha baba kulikuwa na hatua nne, na kwa kila hatua kulikuwa na neno la kusema. Hodi ya irembo si hodi ya mlango.

Sitaki kudanganya kwamba zamani yote ilikuwa njema. Mbele ya imbuga hakuna siri: mjane aliyesemwa vibaya alijua namna gani macho ya majirani yanapita rugo. Tena kuna watu waliosimama irembo maisha yao yote bila kuitwa ndani. Ndugu zetu Watwa wanaweza kutueleza hayo vizuri kuliko mzee yeyote anayesifu mila. Lakini hata yule aliyekataliwa alikataliwa na mtu, uso kwa uso, na yule mtu alipaswa kubeba uzito wa neno lake. Leo tunakataa bila kuonana.

3. Si ukuta ndio wenye kosa

Mtu anaweza kusema: miyenzi ni ya kijiji, mji unaomba mawe. Mimi pia nilifikiri hivyo, mpaka mpwa wangu aliponieleza juu ya Lamu. Mnamo 1975 mwalimu mmoja wa ujenzi, Usam Ghaidan, alitoa kitabu juu ya mji ule, na watafiti wengine wakafuata. Nyumba za kale za Lamu ni za mawe ya matumbawe, kuta zake ni nene, na upande wa njia karibu hakuna madirisha. Ukizitazama kwa haraka utasema ni watu wanaojificha.

Lakini tazama mlango. Mbele yake kuna daka, kijumba kidogo cha wazi chenye paa na benchi pande mbili. Mpita njia anaweza kukaa pale wala hajamkosea mtu. Ndani ya mlango kuna tekani, pa kupokelea, halafu njia inakata kona ili macho ya nje yasifike moja kwa moja ndani. Nyuma kuna kiwanda, uwanja usio na paa, halafu misana, halafu ndani kabisa ambapo watu wa nyumbani wanapumzika. Na pengine juu ya njia yenyewe kuna wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili ili wanawake wapite kutoka kwa jirani hadi kwa jirani bila kushuka barabarani. Wenye nyumba walichukua anga ya njia, lakini waliokuwa chini walipata kivuli.

Basi watu wale walipenda siri kuliko sisi, na walikuwa na kuta nene kuliko zetu. Hata hivyo walimpa mji kitu kabla ya kumfungia mlango. Mimi hapo ndipo nilipoanza kuelewa kosa langu. Halikuwa kujenga ukuta.

4. Mawe ya Goma

Goma ni mji uliojengwa juu ya hasara yake. Nyiragongo ilitoa moto mwaka 1977. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, ukafunika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji, ukala soko, maduka na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena na kusimama karibu na mji, upande wa Buhene. Kila mara watu wanarudi na kujenga juu ya mawe yenyewe. Wengi wanajenga kwa mbao, kwa sababu mbao ni nyepesi, bei yake inawezekana, na siku ya hatari inaweza kung'olewa na kuhamishwa. Jiwe lililotubomolea nyumba ndilo tunalopanga kuwa ukuta wa parsele. Kwa maskini linapangwa bila simenti, mpaka kifuani. Kwa tajiri, upande wa Himbi na kando ya ziwa, linapanda mita tatu, na juu yake vipande vya chupa ao nyaya zenye meno.

Siwacheki wenye kuta. Tangu wakimbizi wa Julai 1994 mpaka leo, mji huu umelala mara mingi na sikio moja wazi. Mwaka 2019, katika mtaa wa Majengo ninapokaa, watu waliingia kwangu usiku. Walikuja wakipiga hodi, kwa sauti ya upole kama ya majirani. Walichukua simu, walichukua mshahara wa mwezi, na watoto wangu walikaa wiki nzima bila kulala vizuri. Nyuma ya hapo nilikopa pesa nikajenga ukuta mpaka mwisho kabisa wa parsele, na mlango wa chuma bila tundu. Barza niliibomoa ili nipate nafasi ya chumba cha kupangisha. Fundi aliacha mabaki ya mawe nje, chini ya ukuta, na mimi sikujali kuyaondoa. Upande ule haukuwa wangu tena, nilifikiri.

5. Usiku mmoja wa mwaka 2022

Mwishoni mwa mwezi wa kumi 2022, vita vilipofika Rutshuru, watu walishuka kwa barabara yetu usiku na mchana, na magodoro kichwani. Usiku mmoja wa mvua, mlango wangu wa chuma uligongwa. Sauti ikasema hodi. Ilikuwa sauti ya upole. Mimi na mama watoto tulitazamana gizani. Hatukujibu. Iligongwa mara tatu, halafu ikanyamaza.

Asubui nilipofungua niliona mama mmoja mzee na watoto wanne, wamekaa juu ya yale mabaki ya mawe, mgongo kwenye ukuta wangu, shitingi moja juu ya vichwa vyao wote. Nilimsalimia kwa lugha ya nyumbani, akaitikia. Alikuwa wa kijiji jirani na Kalengera. Nilitafuta neno la kuomba msamaha. Yeye ndiye aliyenisaidia. Akasema: «Tulipiga hodi, hatukusikia mutu. Ila Mungu iko muzuri, mwanangu. Ukuta yako imetukinga upepo.»

Waliingia, walikunywa uji wa masaka, wakakaa siku tatu mpaka walipopata jamaa zao upande wa Mugunga. Lakini neno lile lilibaki kwangu. Alinishukuru kwa kitu ambacho sikumpa. Nilijenga upande wa ndani wa ukuta kwa ajili ya watoto wangu. Upande wa nje ulijijenga wenyewe, na yeye alipata pale kile kidogo nilichomuachia bila kujua: kivuli cha upepo na mawe ya kukalia.

Nimejiuliza mara mingi kama usiku ule nilifanya dhambi. Jibu langu leo ni hili. Mtu aliyeibiwa na wezi wenye kusema hodi, akiogopa kufungua saa saba za usiku, hatumuiti mtu mbaya. Kosa langu lilikuwa la mchana, miaka mitatu mbele, nilipokuwa nimesimama na fundi. Nilijenga namna ambayo siku ya haja ningekuwa na njia mbili tu: kufungua yote ao kukataa yote. Tunafundisha watoto kwamba wema unatoka moyoni, na ni kweli. Lakini moyo unaishi ndani ya nyumba, na nyumba inaweza kuunyima nafasi. Usiku ule mimi sikuamua kitu. Ukuta ulikuwa umeshaamua.

6. Ramani nyeupe na nyeusi

Mpwa wangu alinionyesha ramani ya mji wa Roma iliyochorwa na Giambattista Nolli mwaka 1748. Nyumba za watu amezitia giza, njia na viwanja ameviacha vyeupe. Hapo hakuna ajabu. Ajabu ni kwamba ndani ya makanisa pia ameacha nyeupe, unaona nguzo za ndani kama unavyoona njia. Kwake yeye, mji hauishii kwenye ukuta. Mahali popote ambapo mtu wa mji anaweza kuingia, hata kama pana paa, ni mji bado.

Niliichukua darasani. Niliwaomba wanafunzi wa mwaka wa sita wachore kila mmoja avenyu yake, na waache nyeupe mahali pote, nje ya njia yenyewe, ambapo mtu asiyejulikana anaweza kujikinga mvua bila kuomba ruhusa. Karatasi zilirudi nyeusi. Kanisa ni jeupe siku ya ibada, siku zingine pana kufuli. Shule ni nyeupe mpaka saa nane. Kilichobaki cheupe kila siku ni vitu vidogo: bati la mbele la kantini, turubai la mama anayeuza makala, paa la fundi wa baiskeli na chukudu. Kijana mmoja wa nyuma akasema: «Mwalimu, penye kubaki nyeupe ni pa wale bako na kidogo.»

Darasa lilinyamaza. Ni kweli. Katika mji wetu paa la watu wote linatolewa na wale ambao paa lao wenyewe linavuja. Sisi wenye simenti tumeacha kazi hiyo.

7. Neno la mama watoto

Nilipoanza kusema nyumbani kwamba nataka kurudisha barza, mama watoto alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: «Weye unajenga juu ya aibu yako. Miye nataka watoto balale.» Sikuweza kumjibu kwa mezali. Mezali «Mgeni njoo, mwenyeji apone» ni nzuri, lakini wezi wa 2019 pia walikuja kama wageni, na sisi hatukupona.

Tena alikuwa na sababu nyingine. Alikuwa amekwenda kuwatembelea jamaa katika makambi yaliyouzunguka mji mpaka mwanzo wa 2025, Kanyaruchinya, Bulengo, Rusayo, ambapo mamia ya maelfu ya watu waliishi chini ya shitingi. Alinieleza kwamba kule mwanamke alibadili nguo amelala chini ya blanketi, na ugomvi wa bibi na bwana ulisikika mpaka hema ya kumi. «Musicheke ukuta,» alisema. «Mutu asiye na ndani anateseka.»

Ana haki. Anayesifu uwazi bila kipimo hajalala kambini. Mwenye ukuta wa mita tatu na mlango bila tundu ana ndani, hana nje. Watu wa shitingi walikuwa na nje, hawakuwa na ndani. Wote wawili walikosa kitu kimoja, ile hatua ya katikati ambapo unaweza kuombwa bila kuvamiwa, na ambapo unaweza kuomba bila kuvuliwa heshima.

Basi suluhisho lilitoka kwake. Alisema: «Mulango irudi nyuma, ukuta ibaki. Weka kidirisha nimuone mutu mbele ya kufungua. Weka na taa.» Hakuwa amesikia habari ya Lamu hata siku moja, lakini alichoeleza ni daka.

8. Mita moja na sentimita ishirini

Tulifanya hivyo mwaka 2023. Mlango wa chuma tuliurudisha ndani mita moja na sentimita ishirini. Nafasi iliyobaki mbele yake tuliifunika na mabati mawili, na pande mbili tukajenga benchi kwa yale mawe aliyoyakalia mama mzee, juu yake simenti. Kidirisha kina kioo na nondo. Fundi alisikitika: «Mwalimu, unapoteza parsele bure.» Nilimjibu kwamba siipotezi, ninalipa deni.

Nani anakaa pale? Motari wakati wa mvua. Mama wa makala akingoja wateja. Wanafunzi wanaosoma chini ya taa siku moto wa umeme ukiwepo. Mara moja mlevi, alilala mpaka asubui. Mara moja mtu aliiba taa, tukanunua ingine. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma na M23 ikachukua mji, tulifunga na kulala chini kama watu wote, na benchi lilikuwa tupu. Sitajisifu kwamba tulikuwa mashujaa. Lakini siku zilizofuata, mabomba yalipokauka na watu wakateka maji ziwani, wamama waliobeba mabido walitua mizigo pale, wakapumzika, wakaendelea. Wengine walisema hodi kwenye kidirisha. Tuliwaona nyuso. Kwa wengi tulifungua.

Ndugu wasomaji, kijitabu chetu kinahusu mila, na wengi wanafikiri kulinda mila ni kurudisha miyenzi na majani. Miyenzi haitarudi Majengo. Kinachoweza kurudi ni ile hesabu ya wazee wetu: kati ya njia na kitanda pawe na hatua, na hatua ya kwanza iwe ya mtu mwingine. Anayejenga leo, hata kwa mbao, anaweza kuuliza kabla fundi hajaanza: upande wa nje wa ukuta wangu, nimemuachia nani nini? Kama makabila yetu yanataka kukaa tena katika barza moja, ni vizuri kwanza tuwe watu wenye barza nyumbani.

Mpwa wangu alirudi na kamba yake kupima kazi yetu. Aliandika urefu, aliandika upana, halafu akasimama na kalamu mkononi. «Mjomba, hapa pa benchi nipahesabu ndani ao nje? Kwenye ramani nipatie rangi gani?»

Nikamwambia apaache peupe.